Je, diplomasia inaweza kuzuia vita kati ya mataifa yasiyoaminiana?

Msomi wa Jioni (mleta mada)

Heshima kwenu wanajukwaa. Naleta swali ambalo vichwa vya habari havilijibu, nikitumaini kwamba wapo humu waliosoma historia ya mikataba kwa kina kuliko mimi.

Takwimu hazitii moyo. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayotafiti masuala ya amani na silaha, ilikadiria kwamba matumizi ya kijeshi ya dunia nzima mwaka 2024 yalifikia dola bilioni 2,718, ongezeko la asilimia 9.4 katika mwaka mmoja, na kwamba ongezeko la kiasi hicho halikuwa limeonekana tangu Vita Baridi vilipokwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala walihesabu mwaka huohuo migogoro 61 ya silaha iliyohusisha angalau serikali moja, idadi kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zao zinapoanzia mwaka 1946. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nayo ilisema kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu milioni 123.2 walikuwa wamelazimika kuyahama makazi yao.

Wakati silaha zinaongezeka, mikataba iliyozizuia inaondoka mmoja baada ya mwingine. Marekani ilijitoa mwaka 2002 katika mkataba wa ABM, uliobana mifumo ya kudungua makombora. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati, INF, ulikufa Agosti 2019. Mkataba wa New START, uliowawekea Warusi na Wamarekani kikomo cha vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyo tayari kutumika kwa kila upande, uliongezewa muda mara moja tu, hadi tarehe 5 Februari 2026, na masharti yake hayakuruhusu nyongeza ya pili. Katika Baraza la Usalama, kila vita inayomgusa mmoja wa wajumbe watano wa kudumu au rafiki yake huishia kwenye kura ya turufu.

Siulizi kama amani ni njema. Nauliza kama watu kukaa mezani na kuandikiana ahadi bado kunaweza kuzuia vita pale ambapo kila upande unamwona mwenzake kuwa mwongo. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba wenye nguvu husaini mikataba wanapotaka kupumua na huivunja wanapokwisha kupumzika. Kila mfano nilioutoa kumpinga, aliubomoa. Naomba mnisaidie, na kama yeye ndiye mwenye haki, niambieni hivyo bila kunionea huruma.

Kalamu Tulivu

Ndugu mleta mada, rafiki yako ameweka sharti ambalo historia haikuliweka. Anachukulia kwamba mapatano yanahitaji kuaminiana, na kwa kuwa kuaminiana hakupo, mapatano ni maigizo. Lakini mengi ya mapatano yaliyozuia maafa makubwa yaliandikwa na watu waliokuwa na hakika kwamba upande wa pili ungedanganya ukipata nafasi, na kwa sababu hiyohiyo waliyaandika kwa namna ambayo udanganyifu ungeonekana mapema.

Chukua Oktoba 1962. Kwa siku 13 Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Kisovieti yaliyopelekwa Kuba. Simulizi inayopendwa inasema kwamba Rais Kennedy wa Marekani alishikilia msimamo na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akarudi nyuma. Kilichofanyika kina sura nyingine. Jioni ya tarehe 27, Robert Kennedy, mdogo wake rais aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, alikutana faragha na balozi wa Kisovieti Anatoly Dobrynin, na mbali na ahadi ya hadharani kwamba Marekani haitaivamia Kuba, akampa ahadi ya siri kwamba makombora ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki yangeondolewa. Yaliondolewa mwaka uliofuata, na umma haukuelezwa jambo hilo kwa miaka mingi. Hapakuwa na chembe ya kuaminiana kati yao: Moscow ilikuwa imetoka kuficha na kukana habari za makombora hayo, na Washington ilikuwa imeshiriki jaribio la kuipindua serikali ya Kuba mwaka mmoja na nusu kabla. Walichokuwa nacho ni mtu wa kuzungumza naye, na kila mmoja akamwachia mwenzake njia ya kurudi kwa watu wake bila kufedheheka.

Somo walilolichukua baadaye lilikuwa la kiufundi. Ujumbe kati ya miji mikuu miwili ulikuwa umechukua saa nyingi kutumwa, kutafsiriwa na kusomwa, huku ndege na meli za kivita zikiendelea kusogeleana. Tarehe 20 Juni 1963 wakakubaliana kuweka njia ya mawasiliano ya moja kwa moja. (Simu nyekundu tunayoiona kwenye sinema haikuwahi kuwapo katika njia hiyo, zilikuwa teleprinta, yaani mashine za kutumiana maandishi, kwa kuwa maandishi humpa kiongozi nafasi ya kufikiri kabla hajajibu.) Mwezi Agosti mwaka huohuo, pamoja na Uingereza, wakasaini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, majini na katika anga za juu. Ilikuwa miezi kumi tu tangu wakaribie kuangamizana.

Huo mkataba wa INF unaousikitikia ulisainiwa na Reagan na Gorbachev Desemba 1987. Makombora 2,692 yaliharibiwa chini yake, na wakaguzi wa kila upande waliingia katika vituo vya mwenzake kuhesabu na kushuhudia. New START nayo iliruhusu hadi ukaguzi 18 kwa mwaka ndani ya vituo vya kijeshi. Mtu hamtumii mkaguzi kwa jirani anayemwamini.

Mfano ninaouthamini zaidi ni mdogo na haupigiwi kelele. India na Pakistan zilisaini mwishoni mwa 1988 makubaliano ya kutoshambulia vituo vya nyuklia vya upande wa pili, na tangu 1992 hubadilishana orodha ya vituo hivyo kila tarehe 1 Januari. Zilibadilishana mwaka 2000, miezi michache baada ya mapigano ya Kargil. Zilibadilishana tarehe 1 Januari 2002, wakati majeshi yao yalikuwa yakijipanga mpakani kufuatia shambulio dhidi ya bunge la India. Orodha hiyo haijawapatanisha hata kidogo, lakini kila upande unajua kipi ulikubali kutokigusa, na unajua kwamba mwenzake anajua.

Nahodha Mstaafu

Ndugu Kalamu Tulivu, nakuheshimu kwa kuleta mifano yenye tarehe na majina, ila umechagua yale yaliyonusurika. Ruhusu nilete makaburi.

Desemba 1994, huko Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuiheshimu mipaka yake. Ukiisoma hati ile, utaona kwamba endapo ahadi itavunjwa, yapo mashauriano na ombi kwa Baraza la Usalama, ambamo mmoja wa watoa ahadi ana kura ya turufu. Mwaka 2014 Krimea ikachukuliwa na Urusi. Yakaja makubaliano ya Minsk ya kusimamisha vita mashariki mwa Ukraine, Septemba 2014 na tena Februari 2015, na hayo yakakwama kwenye mpangilio: Ukraine ilitaka kwanza kurudishiwa udhibiti wa mpaka, Urusi ilitaka kwanza uchaguzi na hadhi maalumu ya maeneo ya mashariki, na maandishi yalikuwa yamefinyangwa kiasi kwamba kila upande uliweza kujisomea ushindi wake. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, tukaona mwisho wake.

Kisha tazama Iran. Mkataba wa nyuklia wa Julai 2015 ulikuwa na kila kitu unachokisifu. Urutubishaji wa urani ulibanwa usizidi asilimia 3.67, mashinepewa za kurutubishia zilipunguzwa kutoka karibu 19,000 hadi 6,104, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walikuwa ndani wakiripoti mara kwa mara kwamba masharti yanatimizwa. Mei 2018 Marekani ikajitoa, si kwa sababu wakaguzi walikuta wizi, bali kwa sababu serikali mpya haikuupenda mkataba ulioachwa na serikali iliyotangulia. Aprili 2021 Iran ilikuwa imefika asilimia 60. Juni 2025 mabomu yakadondoka juu ya vituo vilevile ambavyo wakaguzi walikuwa wakiviingia.

Hapo ndipo ninapomuunga mkono rafiki wa mleta mada. Ukaguzi unaweza kumgundua anayedanganya chini kwa chini, lakini haumzuii mwenye nguvu anayeamua hadharani kwamba mkataba haumpendezi tena. Na mataifa mengine yanatazama. Kiongozi atakayeombwa kesho aachane na silaha ili apate ahadi ya maandishi atakumbuka yaliyompata aliyekubali, na atahesabu faida na hasara upya.

Hata mifano ya Asia Kusini siku hizi inayumba. Mkataba wa maji ya mto Indus wa mwaka 1960 ulivuka vita vya 1965 na vya 1971 bila kukatika, na watu kama sisi tuliutaja kila mara tulipotaka kuthibitisha kwamba maadui wanaweza kuheshimiana. Aprili 2025 India ilitangaza kuusitisha.

Msomi wa Jioni (mleta mada)

Nawashukuru nyote wawili, ingawa mmeniacha njia panda. Ndugu Nahodha amenionyesha kwamba mkataba mzuri wenye wakaguzi unaweza kufa, na Ndugu Kalamu Tulivu amenionyesha kwamba makubaliano madogo yasiyo na mapenzi yanaweza kudumu zaidi ya miaka thelathini. Basi niulize kwa namna nyingine: je, kuna mahali ambapo pande mbili zilipewa suluhisho linalofanana, moja likashika na jingine lisishike, ili tuone tofauti ilikuwa nini? Nina shaka na maelezo yanayoishia kwenye nia njema ya viongozi, kwa sababu nia hatuwezi kuipima.

Mchora Mipaka

Ndugu mleta mada, mifano hiyo ipo, na kwa bahati yote miwili ni ya mwaka mmoja. Mwaka 2002 vyombo viwili vya kisheria vilitoa hukumu kuhusu mipaka miwili ya Afrika iliyokuwa imemwaga damu. Aprili 13 tume ya mipaka iliyoundwa na Ethiopia na Eritrea, ikikaa The Hague, ilitoa uamuzi ambao kutokana nao mji mdogo wa Badme uliangukia upande wa Eritrea. Oktoba 10 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika mji huohuo, iliamua kwamba rasi ya Bakassi ni ya Kamerun na si ya Nigeria. Hukumu zote mbili zilikuwa za mwisho kisheria, na zote mbili zilimpa kidonge kichungu aliyekuwa na jeshi kubwa zaidi.

Nigeria iliikataa hukumu mwanzoni, na wengi walitarajia vita. Lakini kazi ilikuwa imeanza kabla ya hukumu kusomwa. Mwezi mmoja kabla, Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa amewakutanisha marais Olusegun Obasanjo wa Nigeria na Paul Biya wa Kamerun jijini Paris, na kuzungumza nao kuhusu kuiheshimu hukumu, vyovyote itakavyokuwa. Baada ya hukumu aliwaita tena Geneva mwezi Novemba, na hapo ikaundwa Tume ya Pamoja ya Kamerun na Nigeria chini ya uenyekiti wa mjumbe wa Umoja wa Mataifa, ikikutana kwa zamu Yaoundé na Abuja. Tume hiyo ilifanya kazi inayochosha: kuweka alama za mpaka, kuhamisha utawala wa kijiji kimoja baada ya kingine, kusikiliza malalamiko. Ilichukua karibu miaka minne kufikia makubaliano ya Greentree ya tarehe 12 Juni 2006, yaliyoshuhudiwa na Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Majeshi ya Nigeria yakaondoka Agosti mwaka huo, lakini sehemu ya rasi ikaachwa chini ya utawala wa kiraia wa Nigeria hadi tarehe 14 Agosti 2008, na baada ya hapo wakazi wakawekewa utaratibu maalumu wa miaka mitano. Kwa maneno mengine, aliyeshindwa mahakamani alipewa muda wa kushindwa taratibu. Rais wa Nigeria aliweza kusimama mbele ya maseneta wenye hasira akiwa na kitu mkononi.

Sisemi kwamba ilikuwa haki kamili. Wavuvi na wakazi wengi wa rasi ile walijihesabu kuwa Wanaijeria, hakuna aliyewapigisha kura, na baadhi yao walihama na kuishi kwa taabu. Diplomasia iliyofaulu kati ya serikali mbili ilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na watu ambao hawakuwa mezani. Hata hivyo mataifa hayo mawili hayakupigana.

Sasa Badme. Vita vya 1998 hadi 2000 vilikuwa vimeua makumi ya maelfu ya watu, na Mkataba wa Algiers wa Desemba 2000 ulishuhudiwa na Algeria, Marekani, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Umoja wa Ulaya. Mashahidi hawakukosekana. Kulikuwa hata na kikosi cha kulinda amani katika ukanda wa kilomita 25 uliotengwa mpakani. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumsaidia aliyeshindwa kumeza uamuzi. Ethiopia ilitaka mazungumzo kabla ya kuweka alama, Eritrea ilisema uamuzi wa mwisho haujadiliwi tena, na kisheria Eritrea ilikuwa sahihi. Lakini usahihi wake haukumtoa askari hata mmoja Badme. Hapakuwa na tume ya pamoja ya kuutekeleza uamuzi kama ile ya Bakassi, hapakuwa na kipindi cha mpito, na mashahidi wakubwa walikuwa na mambo mengine waliyoyahitaji zaidi kutoka Addis Ababa. Tume ya mipaka, ilipoona kwamba haiwezi kuweka alama ardhini, ikaonyesha mpaka kwa viwianishi vya ramani na kufunga kazi yake mwaka 2007. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kikaondoka 2008. Uamuzi wa 2002 ulikubaliwa kikamilifu na Ethiopia mwaka 2018, serikali ilipobadilika, na hata baada ya kukumbatiana kule Asmara, uhusiano wa nchi hizo mbili haukukaa sawa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yako ni hili: karatasi zote mbili zilikuwa na nguvu sawa kisheria. Moja ilipata miaka sita ya watu waliokutana, wakagombana, wakaahirisha, wakakutana tena. Nyingine iliachwa ijitekeleze yenyewe. Ninyi mnaojadili Minsk na Iran, tafuteni ni nani aliyekuwa na kazi ya kila mwezi ya kuhakikisha kwamba ahadi inatimizwa, na alikuwa na mamlaka gani pale mmoja alipochelewa.

Binti Shauri

Naongeza jambo moja kuhusu wapatanishi, kwa sababu mjadala umewaelekea wakubwa kana kwamba ndio pekee wenye kazi.

Mwaka 1980 Marekani na Iran hazikuwa zikizungumza kabisa, na Wamarekani 52 walikuwa mateka Tehran. Waliozibeba karatasi kati ya pande hizo mbili walikuwa Waalgeria, taifa lililoheshimiwa na Iran kwa mapinduzi yake na lililokuwa na wanadiplomasia waliojua kuandika sheria. Makubaliano yalikamilika tarehe 19 Januari 1981, mateka wakaachiliwa kesho yake, na ili kuepuka kubishana kuhusu fedha bila mwisho, waliunda mahakama ya usuluhishi ya madai huko The Hague. Mahakama hiyo imeendelea na kazi kupitia vikwazo, vitisho na mabomu yote yaliyofuata. Miongo mitatu baadaye Oman ndiyo iliyowakaribisha maofisa wa nchi hizohizo kwa siri, kabla ya mkataba wa nyuklia wa 2015 anaousikitikia Ndugu Nahodha.

Julai 2022, mjini Istanbul, mpango wa kusafirisha nafaka kupitia Bahari Nyeusi ulisainiwa kwa karatasi mbili zinazofanana, kwa kuwa Urusi na Ukraine hazikuwa tayari kusaini pamoja. Kila moja iliweka sahihi na Uturuki pamoja na Umoja wa Mataifa. Ulidumu mwaka mmoja tu kabla Urusi haijajitoa, lakini karibu tani milioni 33 za chakula zilitoka bandarini huku vita vikiendelea.

Na kwa wanaodhani kwamba mpatanishi mzuri huleta matokeo haraka: Argentina na Chile zilikuwa zimefikia ukingo wa vita Desemba 1978 kwa ajili ya visiwa vya mlango wa Beagle. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtuma kardinali Antonio Samorè, vita vikazuiwa kwa siku chache mno, lakini mkataba wenyewe ulisainiwa Novemba 1984. Samorè alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Nahodha Mstaafu

Dada Binti Shauri na Ndugu Mchora Mipaka, mmenisogeza, lakini si hadi mnapotaka. Nakubali kwamba hukumu ya Bakassi ilishika kwa sababu ya kazi iliyofuata, na nitaukumbuka mfano huo. Lakini Nigeria na Kamerun zilikuwa na mahakama, Katibu Mkuu aliyesikilizwa na wakubwa wanne waliotaka mafuta ya Ghuba ya Guinea yatoke kwa utulivu. Tunapozungumza kuhusu Marekani, Urusi na China, ni nani atakayemwita nani Geneva? Baraza Kuu lilipitisha Aprili 2022 azimio kwamba kila kura ya turufu inapotumika, Baraza hilo lifanye mjadala juu yake ndani ya siku kumi za kazi. Ni hatua nzuri, ila hadi sasa wenye kura hiyo huja, hujieleza, hurudi na kuitumia tena.

Kuna na suala la fedha ambalo hatujaligusa. Bajeti nzima ya operesheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa kwa mwaka wa fedha wa 2024/2025 ilikuwa takriban dola bilioni 5.6, na hata hizo hazikulipwa zote kwa wakati. Iwekeni karibu na zile bilioni 2,718 alizozitaja mleta mada, kisha mniambie ni kazi ipi ambayo serikali za dunia zimeamua kuifanya.

Kalamu Tulivu

Ndugu Nahodha, hoja yako ya wakubwa watatu ndiyo ngumu kuliko zote, na sina tume ya pamoja ya kukuonyesha. Nina mfano mmoja unaoelekea huko. Agosti 2022, baada ya Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, kuzuru Taiwan, China ilikata mawasiliano kadhaa kati ya makamanda wake na wa Marekani. Kwa zaidi ya mwaka mmoja meli na ndege za mataifa hayo mawili ziliendelea kupishana katika bahari ya kusini ya China wakati njia za kawaida za makamanda kuzungumza zilikuwa zimefungwa. Novemba 2023 Biden na Xi walikutana California na wakakubaliana kuzirejesha.

Ninachokiona hapo ni kwamba mawasiliano yenyewe yamegeuzwa kuwa adhabu: mtu akikasirika, anakata simu. Moscow na Washington hazikuwa na tabia hiyo hata katika miaka mibaya ya 1980. Ziliigawa hasira yao, zikafunga milango ya michezo na biashara, lakini njia iliyowekwa mwaka 1963 ikaendelea kupimwa kila siku. Kwa hiyo ukiniuliza matarajio ya amani yakoje, sitatazama kwanza idadi ya mikutano ya marais wala maneno ya tamko la pamoja. Nitatazama mambo ambayo magazeti huyaweka ukurasa wa ndani: kama taarifa za kurusha makombora ya majaribio bado zinatumwa kabla hayajarushwa, kama wanajeshi wa pande mbili wana namba wanayoweza kuipiga usiku na ikapokelewa, na kama baada ya New START kutakuwa na namna yoyote, hata isiyo ya mkataba, ya kila upande kujua mwenzake ana nini. Ukaguzi wa mkataba huo ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona na haukurejea tena, Februari 2023 Urusi ikausimamisha ushiriki wake, na hakuna anayeshika silaha nyingi kiasi hicho ambaye sasa anahesabiwa na jicho la nje ardhini kwake. Hilo linanitia wasiwasi kuliko hotuba yoyote kali.

Msomi wa Jioni (mleta mada)

Nimempelekea rafiki yangu maelezo ya Bakassi na Badme kama yalivyo. Amejibu kwamba Bakassi haimhusu kwa kuwa hakuna taifa lenye nyuklia lililokuwa mpakani, jambo linalokaribiana na lile Ndugu Nahodha alilolisema kuhusu wakubwa. Lakini kuhusu orodha ya tarehe 1 Januari hakuwa na jibu la haraka, ameomba muda wa kuisoma. Akija na hoja, nitaiweka hapa.